Ulinikopesha pini 26, zimebaki 25

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima. Mama anakusalimu, na anauliza bada kwa samaki uliloahidi kuja kula utalila lini. Salamu ziishie hapo, maana nina jambo nimelizungusha wiki nzima: Raspberry Pi yako, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, nimeiunguza. Si yote. Pini moja ya kuunganishia waya.

Kile kigari cha kujiendesha nilichokusimulia, ambacho Pi ndiyo ubongo wake, kimekamilika. Magurudumu mawili ya mota, moja dogo la nyuma linalojizungukia, na mbele nimefunga sensa ya kupima umbali, HC-SR04, ile yenye macho mawili kama bundi. Jicho moja linatoa sauti isiyosikika, la pili linasubiri mwangwi. Sasa, sensa hiyo inakula volti 5, na waya wake wa Echo unarudisha volti 5 vilevile, wakati pini za Pi mwisho wake ni 3.3. Nilijua. Wewe mwenyewe uliniambia siku ile unanikabidhi. Lakini rizista, vile vijidude vya kupunguza umeme, sikuwa nazo, saa nne usiku, maduka yamefungwa, nikachomeka moja kwa moja. Na kikafanya kazi! Kilikwenda hadi ukuta wa sebule, kikasimama, kikageuka. Nikajiona fundi. Usiku wa pili kikaenda kulivaa kabati la vyombo la mama. Hakuna moshi, hakuna harufu. Pini imeganda kwenye 0 tu, hata ukiipa volti zake halali.

Dawa yenyewe naona aibu kuitaja. Fundi redio wa barabara ya 12 alinichomolea rizista tatu kwenye redio bovu, zote za omu 1000: kahawia, nyeusi, nyekundu. Unaziunga kwa mfuatano kutoka Echo hadi waya hasi, halafu waya wa kwenda kwenye Pi unautoa baada ya ile ya kwanza. Theluthi ya umeme inaishia hapo, theluthi mbili, yaani 3.3, ndizo zinazofika. Basi. Nimehamia pini nyingine, na tangu hapo kigari hakijagonga kitu isipokuwa paka, na siku hiyo paka ndiye mwenye makosa.

Kuna jambo utalipenda. Niliweka ubao mita moja kamili mbele yake, Pi ikasema sentimita 98. Nikapima tena, 98. Nikaushuku utepe wa dada wa kushonea, nikaazima wa seremala, bado 98. Kumbe kwenye programu niliandika sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, na hiyo ni hesabu ya joto la nyuzi 20. Wapi Tanga ukapata nyuzi 20 mchana! Kwenye nyuzi 30 inakimbia karibu mita 349. Nilipobadilisha namba hiyo moja, ubao ukarudi mahali pake. Vipimo bado vinarukaruka kidogo, kwa sababu Pi ina shughuli zake nyingine na haihesabu muda kwa utulivu, kwa hiyo nasoma mara tano na kuchukua cha katikati.

Mota nimezipa betri zake kupitia L298N, kibao cha kuendeshea mota, na waya hasi zote zimeunganishwa pamoja. Mwanzo nilizitegemeza kwenye umeme wa Pi, ikawa inajizima kila kigari kikitaka kuondoka.

Ukitaka nikununulie nyingine, sema bila haya, nitakusanya. Ukikubali hiihii, nitampa binamu anayekuja huko Jumamosi. Iliyokufa ni 24 kwa namba za programu, lakini ukihesabu kwa macho ni ya 18: anzia upande wa kadi ya memori, safu ya nje, ya tisa. Nimeitia rangi ya kucha ya dada, nyekundu, usije ukaisahau. Dada naye hajajua.

Wako,
Mimi wa Ngamiani