Ngozi haitazamwi saa saba mchana

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wasomaji wanaopanga kuja Rungwe kiangazi hiki, na pia na wale wanaoandaa matangazo ya utalii. Kila mwaka kuanzia Juni picha za Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta ya volkeno, husambaa: maji ya kijani, kuta za msitu, anga safi. Picha zenyewe ni za kweli, ila hazisemi zilipigwa saa ngapi. Familia inakunywa chai Mbeya mjini bila haraka, inaondoka saa nne, inafika ukingoni saa saba na kitu, inakuta ukungu umefunika kila kitu. Inarudi ikisema Ngozi hakuna cha kuona, na mwakani haiji tena.

Ukungu huo una sababu yake. Kusini mwetu kuna Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kwenye mwinuko wa mita 475 hivi. Kilele cha Mlima Rungwe kinafika mita 2,960. Jua likishapasha bonde la Kyela, hewa yenye unyevu wa ziwa hupanda ikisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, hugonga mlima, hupoa, hugeuka wingu. Ndiyo maana Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo maana chai na migomba hustawi hapa. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi huteremka mabondeni na vilele hubaki wazi. Kwa hiyo mgeni ana dirisha la tangu mapambazuko mpaka kama saa nne asubuhi. Siku nyingine litarefuka, lakini asipange safari kwa kulitegemea.

Ratiba tunayoipendekeza ni ya kuanza juu na kushuka pamoja na siku: Ngozi asubuhi, Mto Kiwira mchana, Ziwa Masoko jioni. Wengi hufanya kinyume, wakianzia Tukuyu kwa kuwa ndiko walikolala, na Ngozi wanaiacha iwe ya mwisho wakiwa njiani kurudi Mbeya.

Ukitoka Mbeya, uwe umepita Uyole ifikapo saa kumi na mbili asubuhi. Kituo cha kushuka ni kijiji cha Mchangani, kwenye barabara kuu ya kwenda Tukuyu. Kutoka hapo kuna barabara ya udongo inayopita katikati ya mashamba ya viazi mpaka chini ya msitu. Bodaboda wapo, na kiangazi gari dogo lenye tumbo la juu hufika. Kuanzia Desemba hadi Mei udongo ule wa majivu huteleza kama sabuni, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne litakwama. Patana na bodaboda saa ya kurudi kabla hujamwachia. Lipia kiingilio, dai risiti, chukua kijana wa pale akuongoze.

Ndani ya msitu njia inapanda kwa saa moja hivi, na sehemu ya mwisho ni kali. Utapita migomba pori, kisha mianzi. Raba za mjini ndizo zinazowaangusha wengi: soli yake hujaa tope hatua za mwanzo na baada ya hapo haishiki tena. Wenyeji huvaa mabuti ya mvua, na mgeni afanye vivyo hivyo. Beba fimbo, koti la mvua hata Julai, sweta la kuvaa utakaposimama, na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu. Juu kabisa ziwa liko zaidi ya mita 200 chini yako, lenye urefu wa kilomita 2.5 hivi na kina kinachozidi mita 70. Halina mto unaoonekana ukitoka. Umbo la bara la Afrika linalosifiwa huonekana tu pale ufuo wote unapokuwa wazi, basi ukifika na wingu linaanza kuingia, piga picha kwanza, pumua baadaye.

Kuteremka mpaka majini hatushauri. Mteremko ni wa kushika mizizi, kupanda kurudi huchosha mara mbili ya kushuka, na kule chini kuna jambo lisiloandikwa kwenye tangazo lolote: hewa ukaa.

Rungwe haijazimika. Mlima wenyewe ulilipuka kwa nguvu kubwa miaka 4,000 hivi iliyopita, na Kyejo, jirani yake wa kusini-mashariki, ulitoa lava mnamo mwaka 1800. Joto lililobaki chini linaendelea kusukuma hewa ukaa juu kupitia nyufa. Upande wa Kyejo huchimbwa na kuuzwa viwandani, ikiwemo ya kutia povu kwenye soda. Gesi hii haina rangi na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Usiku usio na upepo hutuama kwenye vishimo, makorongo na mapango mafupi, na alfajiri bado iko pale. Ndugu zetu wa Goma wanaijua vizuri na wanaiita mazuku.

Dalili ya mahali penye gesi ni wadudu, panya au ndege waliokufa bila jeraha, na nyasi zilizokauka kwenye kishimo kimoja huku pembeni ni mbichi. Usiingie, usiiname kuchungulia, usimwache mtoto atangulie, maana pua yake iko karibu na ardhi kuliko yako. Wako wanaopima kwa kuwasha kiberiti. Kipimo hicho ni cha hatari: hewa ukaa ikifika asilimia 10 inaweza kumwangusha mtu kwa dakika chache, ilhali moto hauzimiki mpaka iwe nyingi zaidi ya hapo. Ukianza kuhema haraka bila kazi nzito, au kichwa kikagonga ghafla, panda juu mara moja upande upepo unakotoka. Mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Anayemfuata huanguka juu yake. Tupa kamba kama bado ana fahamu, na piga kelele watu waje.

Kabla ya kuendelea, simama mahali popote salama ambapo barabara imekata kilima. Chini ya udongo mweusi wa juu utaona mkanda wa changarawe ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na chini yake tena udongo wa giza, ambao ni ardhi ya zamani iliyofunikwa na mlipuko. Chukua kokoto moja ya mkanda ule. Ni jiwe lile lile la kusugulia visigino: jepesi, limejaa matundu. Litie kwenye kikombe cha maji, litaelea. Watoto wa shule wakioneshwa hilo hawahitaji mhadhara mrefu kuhusu volkeno.

Mchana, wingu likishafunga juu, Kiwira hauathiriki. Daraja la Mungu liko kwenye bonde, magharibi mwa barabara kuu, na jua la utosini ndilo linalofika vizuri mpaka mtoni. Lava iliteremka bondeni, ikaganda, nayo maji yakajipatia njia chini yake. Juu pakabaki daraja la mwamba. Litazame kutoka kando ya mto, ndiko unakouona upinde wote. Kijungu, ambako mto mzima hujipenyeza kwenye tundu la mwamba na kupotea, kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza. Anzia getini, omba ruhusa, acha kitambulisho ukiambiwa, na usipige picha majengo wala watu. Kingo za tundu lile zimelainishwa na maji na hazina pa kushika. Kuruka kutoka upande hadi upande kwa ajili ya video ni kuchezea roho, na tunawaomba walimu wanaoleta wanafunzi walikataze hilo kabla basi halijasimama.

Masoko liko chini zaidi, kwenye mwinuko wa karibu mita 840, kwa hiyo jioni huwa na joto na mara nyingi jua. Wengi huja kwa hadithi za hela za Wajerumani, waliokuwa na kambi ya kijeshi jirani. Sisi tungependa waje pia kwa samaki. Mwaka 2015 wanasayansi walitangaza kwamba ziwa hili dogo lina samaki wa asili moja walio mbioni kugawanyika: wa njano hukaa kandokando, wa buluu hukaa kilindini. Si rahisi kupata mahali pengine unapoweza kusimama ukingoni na kuona mipaka yote ya jambo kama hilo.

Kupanda Rungwe kwenyewe ni siku nyingine kabisa. Ni kama saa kumi kwenda na kurudi, kwa kibali cha ofisi ya misitu, na kiongozi. Weka saa ya kugeuka iwe sita mchana, umefika kileleni au hujafika. Kipunji, kima aliyetambuliwa kwa sayansi hapa mwaka 2003, huishi msituni humo. Usimwahidi mgeni kwamba atamwona.

Kuhusu miezi, Juni na Julai ni baridi lakini anga ni safi. Septemba na Oktoba moshi wa mashamba hufuta mandhari ya mbali, hata Ziwa Nyasa halionekani.

Kwa wahusika, tuna maombi yasiyo ya gharama kubwa. Njia ya Ngozi inapanuka kila mwaka kwa sababu kila anayekwepa tope hukanyaga pembeni na kuua mche. Dawa yake ni mifereji ya kukata maji ikiwekwa mshazari kwenye njia, na ngazi za magogo pale penye mwinuko. Pili, matangazo yataje saa ya kuanza safari. Tatu, kiwekwe kibao cha Kiswahili chenye onyo la gesi na saa nzuri ya kutazama ziwa. Kisiwekwe juu ukingoni, ambako mgeni ameshafika. Kiwekwe Mchangani, pale bodaboda wanapoegesha, ili aliyechelewa apate nafasi ya kuamua kwenda Kiwira kwanza na kurudi kesho alfajiri.

Waongoza wageni,
Tukuyu, Rungwe