Sala ya nyumbani tusiwaachie wachungaji

Mhariri,

Kila mwaka mwezi wa Mei mahujaji kutoka Kenya hupita hapa Busia kwa miguu, wakiwahi Namugongo tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Sisi wa sokoni huwapa maji na ndizi, na tunafurahi kuwaona. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya sala za siku zile nyingine, ambazo hakuna anayetuona.

Wengi tunajua jinsi mashahidi hao, Karoli Lwanga na wenzake, walivyochomwa moto kule Namugongo mwaka 1886. Yaliyotangulia tunayapita haraka. Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alipotaka kuwatenga vijana Wakristo wa ikulu yake kule Munyonyo, aliagiza wanaosali wasimame upande mmoja na wasiosali wabaki kwake. Baadhi yao, akiwemo Kizito aliyekuwa mdogo kuliko wote, walikuwa wamebatizwa na Lwanga usiku ule tu. Ila kusali walikuwa wameshazoea, kwa siri, ndiyo maana walisogea upande ule bila kusukumwa. Agizo kama hilo likitolewa leo nyumbani kwetu, watoto wetu watajua wasimame wapi?

Nauliza kwa sababu ya ninayoyaona. Mtu akiugua au biashara ikikwama, anashika simu: "Mchungaji, niombee." Wengine hutuma na pesa. Mkesha ukitangazwa, uwanja unajaa. Simkatazi mtu kuombewa. Yakobo mwenyewe aliandika kwamba mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Lakini mtoto hamtumi jirani kila siku akazungumze na baba yake.

Mimi nauza dagaa, ambao hapa tunawaita mukene. Nawanunua Majanji, ambako wavuvi huingia ziwani usiku na taa na kurudi alfajiri, kwa hiyo natoka nyumbani giza bado. Kabla ya kufungua mlango napiga magoti na kumtajia Mungu watu kwa majina: wanangu, wavuvi walioko majini, mteja aliyelazwa, wanaonidai na ninaowadai. Hilo la madeni ni gumu. Yesu alitufundisha kusema "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Mfanyabiashara anayeyasema hayo kila asubuhi kwa moyo hawezi saa nne kumtukana mjane mbele za watu kwa ajili ya gorogoro mbili, yaani mikebe miwili ya kupimia, za dagaa. Wala mkono wake hauthubutu kubonyeza kitako cha gorogoro ili kipimo kipungue. Mvua ikinyesha dagaa wameanikwa, wanaharibika wa aliyesali na wa asiyesali, hilo sitalificha. Ila aliyesali haendi kwa mganga kutafuta nani kamroga.

Tunasema hatuna muda. Danieli alikuwa mkubwa serikalini, na alipiga magoti mara tatu kwa siku. Yesu, baada ya jioni nzima ya kuponya wagonjwa Kapernaumu, aliamka alfajiri akaenda mahali pasipo na watu, akaomba.

Marehemu baba yangu, Mlokole, yaani Mkristo wa uamsho, alituita kila jioni baada ya chakula. Wimbo mmoja, mistari michache ya Biblia, kisha kila mtoto aliomba kwa maneno yake mwenyewe, hata mdogo wetu aliyeomba tu mbuzi wasipotee. Hakuna aliyemcheka, na baba aliitikia "Amina" kwa sauti ileile aliyowaitikia wakubwa. Katika nyumba nyingi sasa saa hiyo ni ya televisheni, na mtoto anafika sekondari hajawahi kumsikia baba yake akiomba. Hilo linaniumiza.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wetu, Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste: kabla ya kutangaza mkesha mwingine, piteni nyumba kwa nyumba jioni, msali na familia, muwaonyeshe akina baba namna ya kuanza. Wengi wao si wakaidi, wanaona haya tu. Na sisi akina mama tusiwangojee. Chakula kikiisha, hata sahani hazijaondolewa, mmoja aanze Baba Yetu na wengine wafuate.

Mama muuza dagaa,
Soko la Busia, Uganda