Barua ya wazi kwa vijana wa kwaya waliosingiziwa kula fedha

Wanangu wa kwaya, viongozi wenu, na hasa wewe binti mtunza hazina ambaye hii ni wiki ya pili hatukuoni ibadani,

Bwana Yesu asifiwe.

Barua hii sikuifunga, kwa sababu maneno mliyosemwa nayo hayakufungwa. Yalianza usiku kwenye kundi la WhatsApp la usharika, kulipokucha yakawa sokoni: kwamba fedha za kununulia spika za kwaya mmezila, kwamba mnada wa mavuno uliingiza nyingi kuliko zilizoandikwa, kwamba safari yenu ya uinjilisti ilikuwa matembezi. Mimi na wazee wenzangu tumekaa, tumepitia kile tulichonacho. Ninaamini mmesingiziwa. Nalisema mapema ili hata asiyefika mwisho wa barua awe amelisikia.

Ila sikuandika ili niwape pole tu. Nimesikia mnayoyapanga, na yananinyima usingizi. Baadhi yenu mmeamua kukaa kimya na kuacha kuimba, mkisema Mungu mwenyewe atajibu. Wengine mmekusanya skrinishoti za huyo aliyewasema, mambo ya nyumbani kwake na ya ndoa yake, mnangoja siku ya kuyaachia.

Nianze na kimya, maana hilo ndilo kosa nililolifanya mimi.

Mwaka 1994 nilikuwa mtunza hazina wa usharika mwingine, si huu. Tulikuwa tunaezeka kanisa. Mabati yalichelewa, bei ikapanda, na fundi alipofika upande wa madhabahu mabati yakaisha. Likazuka neno: yaliyobaki yako kwa mtunza hazina. Na kweli mwaka uleule nilikuwa nimeezeka banda la ng'ombe, kwa mabati niliyonunua kwa fedha yangu ya kahawa. Nikasema moyoni, Bwana wangu alinyamaza mbele ya Pilato, nami nitanyamaza. Watu wakanisifu kwamba nimekomaa kiroho. Kilichokuwa ndani yangu ni kiburi. Niliona mtu wa heshima kama mimi hapaswi kuulizwa habari za mabati.

Nilinyamaza miezi saba. Katika miezi hiyo mke wangu aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama, kwa sababu akitokea tu mazungumzo yalikatika. Mwanangu alipigana shuleni kwa ajili yangu. Na mama aliyekuwa akinisaidia kuhesabu sadaka, mjane asiye na mtu wa kumsemea, akaanza kutajwa yeye: labda si mzee, labda ni yule mama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kimya changu kilikuwa kinalipiwa na wengine. Yesu alinyamaza akaubeba mzigo mwenyewe. Mimi nilinyamaza nikawabebesha watu wangu.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye sasa ni marehemu, alikuja nyumbani jioni moja. Hata chai hakutaka. Akasema, "Leta vitabu." Tulikaa na taa ya chemli hadi usiku wa manane: daftari la ahadi, stakabadhi za duka la vifaa, hati za malipo. Kila bati lilionekana lilikokwenda. Ambacho hakikuonekana ni malipo ya fundi ya wiki mbili, fedha niliyompa mkononi bila hati kwa kuwa tulifahamiana. Mzee akaweka kalamu mezani. "Bati hukuiba," akaniambia, "lakini hili la fundi utalisema mwenyewe mbele ya wazee." Usiku ule nililia kuliko nilivyolia kwa yale masingizio yote.

Nikaenda mbele ya baraza la wazee. Nikasoma hesabu, nikakiri la fundi, fundi mwenyewe akaja akathibitisha alichopokea. Haikufika saa nzima. Jambo la saa moja nilikuwa nimelilea miezi saba.

Watu wetu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huo umewaumiza wengi wasio na hatia, na mimi siukubali ukigeuzwa kuwa hukumu. Jambo haliwi kweli kwa sababu limesemwa na watu wengi. Ila nikisemwa, siku hizi najikagua kwanza kama kuna punje yangu humo. Mfalme Daudi akimkimbia mwanawe Absalomu, Shimei wa ukoo wa Sauli alimfuata kando ya mlima akimlaani, akimtupia mawe, akimwita mtu wa damu. Abishai akaomba ruhusa aende akamkate kichwa. Daudi akamkataza. Shimei alimtwika damu ya nyumba ya Sauli, ambayo Daudi hakuimwaga. Lakini ya Uria, askari wake aliyemfanyia hila auawe vitani, hiyo Daudi aliijua.

Sasa hesabu zenu nimeziona. Nauli ya basi ina stakabadhi. Chakula cha siku ya pili hakina. Najua mlikula, na najua mama ntilie wa stendi hatoi risiti. Basi lisemeni hivyohivyo wenyewe, kabla hamjaulizwa, na kiasi mkitaje.

Mnaotaja kimya cha Bwana mbele ya Pilato, someni pia Yohana sura ya 18. Alipopigwa kofi nyumbani kwa kuhani hakunyamaza. Alisema, "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya." Alidai ushahidi, kwa utulivu, bila kumrudishia mtu kofi. Naye Paulo kule Filipi alichapwa bakora hadharani bila kuhukumiwa, na kulipokucha wakubwa wa mji wakatuma watu wamwachilie aondoke taratibu. Akakataa. Akataka waje wenyewe kumtoa. Nimelifikiri sana hilo, na ninaamini hakujipigania yeye tu. Alikuwa anaacha nyuma kanisa changa, watu waliokutana nyumbani kwa Lidia, na kama angeondoka kama mhalifu aliyesamehewa, wao wangebaki wafuasi wa mhalifu.

Katika mambo ya fedha Paulo alikuwa mwangalifu kuliko wengi wetu. Mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakutaka kuushika peke yake. Ulisindikizwa na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na Paulo akawaandikia Wakorintho sababu: mtu asije akawalaumu. Mtume yule hakusema inatosha kwamba Mungu anaujua moyo wake.

Basi jibuni. Jibuni mara moja, kwa karatasi, mbele ya wale wenye haki ya kujua, kisha mrudi kazini. Nehemia, akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, aliletewa na adui yake Sanbalati barua iliyo wazi, ili kila mkono itakaopitia uisome: kwamba Wayahudi wanajenga ukuta wapate kuasi, na yeye Nehemia anautaka ufalme. Jibu lake halizidi sentensi moja: hayo hayapo, umeyabuni moyoni mwako. Akaomba Mungu aitie mikono yake nguvu, akaendelea kujenga. Ukuta ukamalizika kwa siku 52. Ninyi mnataka kujibu kila ujumbe unaoingia kwenye lile kundi hadi saa nane za usiku. Ukuta mtaujenga saa ngapi?

Nije kwenye skrinishoti.

Mwaka 1977 nilikuwa na umri kama wenu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alisingiziwa kushiriki njama ya kumpindua Idi Amin. Mwezi wa Februari askari waliingia nyumbani kwake usiku wa manane kutafuta silaha, hawakupata. Maaskofu hawakukaa kimya: walimwandikia Amin barua ya malalamiko, wakaitia sahihi zao. Tarehe 16 Februari wakaitwa Kampala, zikapangwa silaha mbele yao, yakasomwa maelezo yaliyomtaja Luwum. Yeye alitikisa kichwa tu kukataa. Siku hiyohiyo aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere, aliyekuwa pamoja naye, alikimbia Uganda kwa kuvuka milima. Mtu huyo alikuwa na kila sababu ya kumchukia Amin, na alikuwa na mambo ya kweli ya kutisha ya kusema juu yake. Aliyasema maovu bila kuyapunguza, na hadharani vilevile akasema amemsamehe.

Nawatajia hilo pia kwa sababu sitaki kuwadanganya. Mnaweza kutoa kila stakabadhi na bado wakabaki watu wanaonong'ona. Luwum hakusafishwa na wale waliomsingizia.

Hayo mliyonayo juu ya ndoa ya mwenzenu, hata yakiwa kweli yote, yanahusu nini na spika? Kipaimara mlikariri amri ya nane na maana yake. Haikuishia kwenye kutosema uongo juu ya jirani. Ilitutaka tumtetee, tumnenee mema, na mambo yake tuyafasiri kwa wema kadiri inavyowezekana. Haikusema jirani aliyetutendea vizuri. Futeni hizo picha leo, kila mmoja kwenye simu yake, na aliyewatumia mwambieni afute.

Na wewe uliyeandika yale maneno, najua unasoma. Wewe pia ni mwanangu. Kama una tarakimu, zilete. Kama ulikuwa na shaka, Mathayo 18 inaanza na wewe na ndugu yako peke yenu. Kundi la watu mia mbili linakuja baadaye sana, kama linakuja.

Jumamosi saa tisa alasiri tukutane ofisi ya usharika. Leteni daftari la ahadi, stakabadhi, orodha ya mnada, na ujumbe wa M-Pesa wa kila aliyechanga kwa simu. Wazee wawili watakuwepo, na aliyewalaumu nimemwalika kwa mdomo wangu. Mkishasoma hesabu, mchungaji ataeleza Jumapili kwenye matangazo, kwa maneno machache. Baada ya hapo asijibu mtu kwenye kundi.

Binti yangu, mama yako aliniambia unasema hutashika tena fedha ya kanisa maisha yako yote. Hilo tutazungumza baadaye, halina haraka. Ila Jumamosi nitapita kwenu saa nane ili twende pamoja, usiingie mle ndani peke yako. Na nimemwomba mwalimu wa kwaya asimpe mtu nafasi yako kwenye sauti ya pili.

Mzee wenu wa kanisa