Kimbunga hakikufa siku mliyokizika

Ndugu Mhariri,

Nilianza kusoma gazeti lako enzi linaletwa Kilwa na basi likiwa limefungwa kwenye furushi, tunalipata siku moja au mbili baada ya tarehe yake. Miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari. Lakini ile makala yenu ya kukumbuka kimbunga Hidaya, iliyosema kilipungua nguvu kikapita bila madhara makubwa, imenitoa ukimya. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natafuta jina la Kilwa, sikuliona.

Hidaya kwa Kiswahili chetu ni zawadi. Basi nikueleze nilivyozawadiwa.

Ilikuwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, Mei 4, 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa siwalaumu, walishatutahadharisha siku kadhaa kabla, vyombo vimefungwa, boti za Unguja zimesimamishwa. Upepo ulianza jioni ukitokea kusini, unanguruma mfululizo kama lori lililowashwa uani, mpaka mimi na mke wangu tukauzoea. Tukalala. Kama saa nane hivi ukanyamaza. Si kwamba ulipungua, ulinyamaza, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga chafya. Ulipokuja tena ulikuja kwa kishindo kimoja, safari hii unatokea upande wa baharini, ukaufungua mlango wa jikoni uliokuwa umefungwa kwa kamba (ndiyo, kamba, komeo nilikuwa nimeahidi tangu Ramadhani) na kuingia ndani. Nikasikia papi, zile mbao zinazoshika mabati, zinalia. Kisha misumari ikaanza kutoka mmoja mmoja, tra-tra-tra, kama mtu anachana kanga kwa meno, na nilipomulika tochi juu nikaona mvua mahali palipokuwa na paa. Mabati sita yalikuwa yameondoka. Mke wangu alikimbilia Msahafu na vyeti vya watoto. Mimi, naona aibu kusema, nilikumbatia redio. Gunia la mchele la kilo 50 lilikunywa maji mpaka mshono ukaachia, na asubuhi tulikuta punje zimetambaa hadi barazani.

Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kasi ya upepo inayotajwa kwenye taarifa za vimbunga vya bahari yetu ni wastani wa dakika 10. Paa haling'olewi na wastani. Linang'olewa na ule mpigo wa sekunde chache unaopita kasi hiyo kwa mbali, na nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Juu ya paa upepo unavuta, ndani ukishapata mlango unasukuma, bati lipo katikati limeshikwa na msumari. Mwandishi wenu akisoma kwamba kasi imeshuka, anaandika kimetulia. Aje aulize mwenye nyumba.

Na mvua je? Hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko upepo, kwa sababu nyinyi watu wa magazeti mnadhani kimbunga ni upepo tu, na upepo ukizimika basi habari imekwisha, mnageuza ukurasa mnaingia michezoni. Mtwara, mvua ilipita milimita 75 ndani ya saa 12, wakati wastani wa huko kwa mwezi mzima wa Mei ni milimita 54. Milimita haimwambii mtu kitu, najua, niliwafundisha watoto nikaona nyuso zao. Basi chukua nyumba yenye paa la meta za mraba 40, ambayo ni nyumba ya kawaida kabisa huku kwetu. Milimita 75 juu ya paa hilo ni lita 3,000. Ndoo 150 za lita ishirini! Zimemwagwa juu ya familia moja kabla hawajanywa chai, na jirani yake naye 150, na jirani wa jirani vivyo hivyo, na zote zinatafuta mtaro mmoja uliojaa chupa za plastiki na pampasi. Usiku wa Mei 4 ikatangazwa kwamba kimbunga kimepoteza nguvu, na kweli kilikuwa kimepoteza nguvu. Maji yalikuwa hayajapata taarifa. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika huko Somanga, makalavati yamesombwa, magari yamepanga foleni pande zote mbili. Mkwe wangu alilala siku mbili ndani ya basi upande wa pili wa maji, ananunua biskuti kwa bei ya nyama. Hayo ndiyo mnayoyaita si madhara makubwa? Makubwa yaanzie wapi?

Halafu mkaandika eti ukanda wetu haujawahi kuona jambo kama hili. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikalaza mikarafuu na minazi. Aprili 1952 kikaipiga Lindi, watu wakafa, na marehemu baba yangu alikuwa akihesabu umri wa watu kwa mwaka ule: huyu kazaliwa kabla ya tufani, yule baada. Ni kweli vingi vinatukosa. Kimbunga Kenneth mwaka 2019 watu wa Mtwara walihamishwa, kikaenda kuwaumiza ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Kimbunga Jobo 2021 kikafifia kabla ya kutufikia. Ndiyo maana vijana wetu wamefika mahali wakisikia tahadhari wanacheka, na nyinyi mkiandika kimepita bila madhara mnawaongezea kicheko.

Kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la mabati. Yale sita yaliyoruka niliuziwa kwa jina la geji 28, muhuri umepigwa kabisa, na bei nilitoa ya geji 28. Baada ya kimbunga mwanafunzi wangu wa zamani mwenye gereji alinisaidia kulipima moja kwa mikromita. Lilikuwa sawasawa na kipande cha geji 32 alichokuwa nacho pale kazini. Kwa asiyejua, geji ikipanda namba bati linakonda. Nilimrudia muuzaji, akaniambia, "Mzee, hata hilo la 28 lingeruka." Huenda. Lakini lingeruka likiwa limelipiwa kihalali. Fundi naye, nilipomuuliza kwa nini hakufunga kenchi kwa waya kwenye ukuta, akajibu kwamba sikumwambia. Sasa mimi ndiye fundi?

Ushauri wangu ni huu. Kila Machi hadi Mei, gazeti lako litenge kisanduku kidogo ukurasa wa pili, chini ya bei za mazao, liandike mvua ya jana kwa ndoo kwa paa, si kwa milimita. Na neno "kimetulia" lisichapwe mpaka mwandishi wenu awe ameongea na watu watatu: mvuvi mmoja aliyeko nchi kavu, mama mmoja anayeanika mchele, na dereva wa lori aliyekwama, ambaye kwa tabia ya barabara hii hamtapata shida kumpata. Kama nauli ya kumleta mwandishi hakuna, nyumba yangu ina chumba cha wageni. Paa lake ni jipya, na misumari nimeipiga mwenyewe, kila papi.

Mwisho, kati ya mabati yangu sita, matano yalipatikana, moja likiwa juu ya mwembe wa jirani. La sita najua halikufika baharini, kwa sababu kuna mtu aliliona Jumapili ile likiwa limebebwa kichwani kuelekea sokoni. Lina alama ya rangi ya bluu pembeni, nilikuwa nimejaribia brashi. Aliyenalo alirudishe, hata usiku, aliegemeze tu ukutani.

Mwalimu mstaafu,
Kilwa Masoko