Michango ya kutengeneza nyumba ya babu, Kamalondo, Lubumbashi

Wapendwa baba, mama, dada na ndugu, jambo kwenu nyote.

Tutakutana Jumamosi saa tisa alasiri kwenye nyumba ya matofali mabichi aliyotuachia babu, ili tufunge hesabu ya michango kabla mvua hazijaanza. Kila familia ilete dola 20, au franka zenye thamani hiyo, kwa mama mweka hazina.

Ukuta wa nyuma umelika chini, nami naumia kuuona, kwa sababu lipu ya saruji ilifungia unyevu ndani ya udongo. Safari hii tutapaka udongo na chokaa, na saruji isinunuliwe hata mfuko mmoja. Vijana waje na majembe na ndoo.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi jioni: mtakuja wangapi, na mtatoa kiasi gani.