Barua kwa Rehema: damu ya Remus

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima. Mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, nami nimepata wasaa wa kukujibu.

Umeandika kwamba visa vya Roma havina jipya la kufundisha, ni vilevile vya Wayunani: Zeus, mkuu wa miungu, kaitwa Jupiter, Ares, mungu wa vita, kaitwa Mars, kazi imekwisha. Hapo, mwenzangu, siwezi kunyamaza. Ni kweli Warumi waliazima sana. Lakini mtazame huyo Mars. Ares ni mgomvi ambaye hata Zeus, baba yake, alimchukia. Mars aliheshimiwa, mkulima wa Kirumi alimwomba amkingie shamba, mifugo na watu wa nyumbani mwake, na mji mzima ulijihesabu kuwa uzao wake. Na mungu Janus je, mwenye nyuso mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma? Huyo hana mwenzake kwa Wayunani. Malango yake pale Roma yaliachwa wazi wakati wa vita na kufungwa wakati wa amani. Mwanahistoria Livy, aliyeandika zama za mtawala Augustus, anasema tangu enzi za mfalme Numa yalikuwa yamefungwa mara mbili tu. Hiyo ni miaka zaidi ya 600, Rehema! Yanieleza Roma kuliko vitabu vingi.

Ila kinachonishika zaidi ni waasisi wa Roma wenyewe, mapacha Romulus na Remus. Mwanzo wa kisa unaujua: Amulius anampokonya kaka yake Numitor kiti cha ufalme cha mji wa Alba Longa, kisha anamweka Rhea Silvia, binti wa Numitor, kuwa kuhani bikira wa Vesta, mungu wa kike wa moto wa nyumbani, ili ukoo ukatike. Binti anazaa mapacha, anasema baba yao ni Mars. Watoto wanatupwa kwenye mto Tiber uliofurika, maji yanawaacha ukingoni, mbwa mwitu jike anawanyonyesha, kigogota anawaletea chakula, mpaka mchungaji Faustulus anawachukua na kumpelekea mkewe Acca Larentia. Mpaka hapo ni kisa kinachofanana na vya mataifa mengine. Mtoto aliyetupwa akaja kuwa mfalme, tumemsikia kwingi.

Kinachofuata ndicho chao. Mapacha wanataka kujenga mji, na hakuna mkubwa wala mdogo wa kuamua, basi wanawaachia ndege waamue, kama ishara ya miungu. Remus yuko kilima cha Aventino, anaona tumbusi 6. Romulus yuko Palatino, anaona 12, lakini baadaye. Mmoja anadai kutangulia, mwingine anadai wingi. Remus anauruka ukuta wa nduguye kwa dharau, na Romulus anamuua, akisema ndivyo atakavyokufa yeyote atakayeziruka kuta zake. Kwa hesabu ya mwanachuoni Varro ilikuwa mwaka 753 KK, na hadi leo Roma husherehekea kuzaliwa kwake tarehe 21 Aprili.

Sasa fikiria. Watu hawa walitawala pwani zote za Mediterania. Walikuwa na washairi na waandishi wa kila namna. Wangeweza kukifuta kifo hicho. Na wapo waliojaribu: kuna masimulizi yanayosema muuaji alikuwa Celer, msimamizi wa ujenzi, na Romulus alilia. Hayakushika. Damu ilibaki mikononi mwa mwasisi. Warumi walipochinjana wenyewe kwa wenyewe katika vita vya ndani, mshairi Horace alisema laana ile inatoka kwa Remus aliyeuawa bila hatia. Na mwaka 27 KK, Octavian, mtawala wa Roma, alipokuwa akitafutiwa jina la heshima, wapo waliotaka aitwe Romulus kwa kuwa ameusimamisha mji upya. Akachukua Augustus, jina tunalomjua nalo. Wa kale wanasema aliogopa kudhaniwa anautaka ufalme. Mimi naamini na damu ile ilichangia.

Kisha kuna usiku wa Lemuria, sikukuu ya Warumi ya kutuliza mizimu, ambao nakuomba usiuruke darasani. Ulikuwa tarehe 9, 11 na 13 Mei. Usiku wa manane baba mwenye nyumba anaamka, anatembea peku, ananawa mikono kwa maji safi. Anachukua maharage meusi, anageuza uso na kuyatupa nyuma yake, akisema mara 9 kwamba kwa maharage haya anajikomboa yeye na watu wake. Hageuki, kwa maana mizimu iko nyuma yake inayaokota. Ananawa tena, anagonga shaba, anaisihi mizimu ya wazee wake itoke. Mshairi Ovid anasema sikukuu hii ilianzia kwa Remus: kivuli chake, kimelowa damu, kiliwatokea Faustulus na Acca, wazazi waliomlea, kikawaomba wamwambie Romulus amtengee siku. Romulus akakubali. Mahekalu yalifungwa siku hizo, na mtu hakufunga ndoa. Nikiwaza kila baba wa Roma akiamka gizani kwa ajili ya ndugu aliyeuawa na mwasisi wa mji wake, moyo wangu unanyenyekea kabisa.

Habari ya mabinti wa Wasabini, majirani wa Roma, sitakuchosha nayo, wanafunzi wako wataiuliza wenyewe. Ila uwaonyeshe ilivyokwisha. Wanawake wale walionyakuliwa na watu wa Romulus kwenye sherehe ili wawe wake zao waliingia katikati ya vita, nywele zikiwa zimetimka, wakawasihi baba zao na waume zao waache kuuana. Mapatano yakawa Romulus atawale pamoja na Titus Tatius, mfalme wa Wasabini. Aliyeshindwa kugawana kilima na pacha wake akagawana kiti na adui yake, na walioliwezesha hilo ni wanawake aliowadhulumu. Katika visa vyote vya Roma hakuna ninachokipenda kama hiki.

Waulize wanafunzi ni nani aliyeshinda ile hesabu ya ndege, aliyetangulia au aliyeona wengi, kisha uniandikie walivyogawanyika. Mimi niko upande wa Remus.

Nisalimie mama sana.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi