Kabla hujatema mate kwenye kile kichupa

Mwanangu,

Nimeitia barua hii mfuko wa ndani wa sanduku, chini ya sweta, maana kwa simu ungenikatiza. Siku ile ya jikoni sirudii, unaijua. Nakuomba moja: usipeleke mate yako kupimwa vinasaba (DNA) kabla hujazungumza na baba yako. Yeye hajui kama unajua kwamba ulipatikana kwa mbegu za mtu mwingine.

Sheria ya Uingereza umenisomea kwa furaha kama mtu aliyeokota hela. Ni kweli, kule aliyetoa mbegu kuanzia Aprili 2005 hafichwi tena. Mtoto akifika miaka 18 anauliza, anapewa jina. Waswidi waliwatangulia tangu 1985. Lakini hizo ni kliniki zao. Wewe ulipatikana Kampala, 2006, na Uganda haikuwa na sheria ya mambo haya. Hata ule muswada alioupeleka Mheshimiwa Opendi akiwa mbunge wetu wa Tororo ni wa 2023. Ukabishe hodi London, faili lako hawanalo.

Ndiyo maana najua utakimbilia kichupa. Mate hayajali nani aliahidiwa nini. Binamu mmoja tu wa yule bwana akiwa amepima, unaweza kumpata. Sikukatazi. Una akili, ndiwe wa kwanza katika ukoo kupanda ndege kwenda kusoma, na ukoo nasema huu huu wa Mzee. Ila mdomo wako una haraka. Zungumza naye kwanza.

Ulisema hutaki kuja kuolewa na ndugu yako bila kujua. Neno hilo lilinichoma. Kwetu mvulana huulizwa ukoo kabla ya kazi, na mimi ndiye niliyekupa jibu la kuazima.

Baba yako aliugua matumbwitumbwi akiwa kuruta, yakamharibu. Kule kliniki alisoma fomu mara mbili, kidole kikifuata mstari, kama anasoma maelezo ya mshtakiwa. Tukasaini kwamba hatutamtafuta mtu yule. Nesi akatupa kikaratasi: urefu, kundi la damu, kabila, namba. Mzee alitaka kukichoma. Nikamwambia kimeliwa na mchwa.

Mchwa hawakukila. Kimo ndani ya mkebe wa vifungo, kwenye droo ya cherehani. Ukishazungumza naye nitakusomea. Kabla ya hapo usiniulize, wala usimtume mdogo wako kupekua.

Yule ndama mwekundu hakuibwa. Aliuzwa nauli yako ilipopungua, na Mzee alisema usiambiwe. Paa la jikoni litasubiri. Karanga za kusaga nimezifunga mara tatu, usizifungue Entebbe zikakuchafulia nguo. Mpigie Jumapili jioni akishamaliza kukamua. Asubuhi simu yake huwa haina chaji. Anza na habari za ng'ombe.

Mama yako